Kurudisha bakteria wa tumbo baada ya dozi ya antibayotiki: chakula, dawa na vipimo

Mnafu

Wakuu, swali hili halikauki humu jukwaani. Mtu kamaliza dozi ya antibayotiki, tumbo linaunguruma, choo kimelegea au kimegoma, gesi haziishi, kisha anauliza anywe nini "kusafisha tumbo". Tumbo la namna hiyo limeshasafishwa kupita kiasi. Majani ya kuendesha, maji ya chumvi asubuhi na enema vinamalizia bakteria wachache waliobaki na kukutoa maji na madini mwilini. Kinachotakiwa ni kulilisha kwa mpangilio, na kuliepusha na dawa lisizozihitaji.

Kwanza tuelewe kilichoharibika. Utumbo mpana una mamia ya aina za bakteria, na wengi wao wanaishi bila oksijeni. Wanakula nyuzinyuzi na wanga ambao sisi hatuwezi kumeng'enya, wanatoa asidi za mnyororo mfupi: asetiki, propioniki na butiriki. Hiyo butiriki ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana, na asidi hizi kwa pamoja ndizo zinazousaidia utumbo kufyonza chumvi na maji. Antibayotiki ikiwafyeka, asidi zinapungua, maji hayafyonzwi sawasawa, wanga usioliwa na bakteria unabaki ukivuta maji zaidi. Ndiyo sababu mtu anaharisha wakati hajala kitu kibaya.

Watu wanataka mambo yakae sawa kwa siku tatu. Watafiti wa Denmark walichapisha mwaka 2018 matokeo ya wanaume 12 wenye afya waliopewa antibayotiki tatu kali kwa siku 4. Sehemu kubwa ya bakteria ilirudi ndani ya mwezi mmoja na nusu, lakini hata baada ya siku 180 aina 9 zilizokuwa za kawaida kwao zilikuwa bado hazijaonekana. Kwa hiyo hesabu wiki.

Wiki ya kwanza, kula nyuzinyuzi laini zinazoyeyuka: uji wa ulezi, ndizi za kupika, viazi vitamu vilivyomenywa, boga, karoti, papai. Maharage yawe vijiko 2 au 3 vya chakula tu, yameiva hadi yanapondeka. Mtindi usio na sukari, nusu kikombe mara mbili kwa siku, kama maziwa hayakusumbui. Wiki ya pili maharage yafike robo kikombe, badilisha sembe kwa dona, ongeza mchicha au matembele. Kuanzia hapo ongeza takriban gramu 5 za nyuzinyuzi kila wiki. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilipendekeza angalau gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Ili hesabu iwe rahisi: kikombe cha choroko au dengu zilizopikwa kina karibu gramu 15, kikombe cha kunde kama 11, nusu parachichi 6 au 7, ndizi mbivu moja 3, mapera gramu 100 yana 5.

Anayeruka kutoka sembe na soda hadi vikombe viwili vya maharage kwa siku moja atajaa gesi, ataumwa, na atasema maharage hayampatani. Maharage hayana kosa, bakteria wa kuyala ndio bado wachache.

---

Dozi Kamili

Mnafu umeweka msingi vizuri. Naongezea upande wa dawa, maana mimi ni wa dirisha la dawa.

Antibayotiki haziumizi tumbo kwa kiwango kimoja. Klindamaisini, kundi la siprofloksasini, seftriaksoni ya sindano na amoksilini yenye asidi ya klavulani ziko juu kwa kuvuruga utumbo mpana. Doksisaiklini ina hatari ndogo zaidi. Nitrofurantoini ya mkojo hufyonzwa mapema na kutolewa kwa figo, kwa hiyo kinachofika utumbo mpana ni kidogo. Hii haina maana uchague mwenyewe. Ina maana umuulize daktari kama kuna dawa nyembamba zaidi, yaani inayopiga aina chache za bakteria, inayotosha, na kama idadi ya siku inaweza kupungua. Dozi uliyoandikiwa usiikatize bila kumuuliza aliyeiandika.

Metronidazo, ile ya Flagyl, ndiyo inayonisikitisha zaidi. Inashambulia bakteria wasiotumia oksijeni, na hao ndio walio wengi kwenye utumbo mpana. Mtu anayeimeza kila tumbo likikoroga anarudi mwanzo kila mara. Kuhara maji kwa ghafla, bila damu na bila homa kali, mara nyingi ni virusi na huisha kwenyewe. Tiba ni maji ya ORS. Kama pakiti haipo: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mtoto aongezewe zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, wa chini ya miezi sita apewe miligramu 10.

Dalili za kwenda hospitali bila kusubiri uji wala mtindi: damu kwenye choo, homa, kupungua uzito, kuishiwa maji, au kuhara maji mara 3 na zaidi kwa siku wakati wa dozi au ndani ya wiki 12 baada yake. Hapo lazima afikiriwe Clostridioides difficile, bakteria anayetumia nafasi walioacha wenzake na kutoa sumu. Usimeze loperamide kuzuia choo katika hali hiyo, unaifungia sumu ndani.

---

Bamia Mbichi

Asante mkuu. Na hivi vidonge vya probayotiki (vijidudu hai vya faida) tunavyouziwa ghali, vinafaa au ni kupoteza pesa? Wengine wanashauri mtu anywe miezi mitatu baada ya dozi.

---

Dozi Kamili

Bamia, inategemea wakati na aina. Mwaka 2018 Taasisi ya Weizmann ya Israeli ilionesha kwamba waliopewa mchanganyiko wa probayotiki baada ya antibayotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko walioachwa bila kitu. Bakteria wa kidonge walikaa na wenyeji wakakawia kurudi. Kwa hiyo kumeza miezi mitatu "kurudisha" tumbo sikushauri.

Kinachotetewa zaidi ni kuvitumia wakati wa dozi ili kupunguza kuhara. Chama cha Wataalamu wa Tumbo cha Marekani mwaka 2020 kilikubali aina chache tu kwa ajili ya kuzuia C. difficile kwa watu walio kwenye antibayotiki, na kilikiri kuwa ushahidi si mzito. Moja ni Saccharomyces boulardii. Hii ni hamira, antibayotiki haiiui, hivyo haina haja ya kutenganishwa nayo saa. Kipimo cha kawaida ni miligramu 250 hadi 500 mara mbili kwa siku. Lakini dawa za fangasi kama flukonazo zinaiua, na mgonjwa mahututi, mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa au mwenye kinga iliyoshuka sana asipewe, maana hamira inaweza kuingia kwenye damu.

Vya bakteria, kama Lactobacillus rhamnosus GG, viache saa 2 au zaidi mbali na antibayotiki. Soma pakiti: iwe na jina kamili la aina hadi herufi za mwisho, na idadi ya bakteria hai hadi siku ya kuisha muda, si siku ya kutengenezwa. Kama imeandikwa kuwekwa kwenye friji nawe umeikuta juu ya kabati la kioo Kariakoo mwezi wa pili, iache hapo hapo.

Jambo la mwisho, omeprazo, dawa ya kupunguza asidi ya tumboni. Wengi wanaimeza miaka bila sababu. Asidi ya tumboni ni mlinzi wa mlango. Ikizimwa muda mrefu, maambukizi ya utumbo yanaongezeka, C. difficile akiwemo. Ukiizoea kwa miezi usiikate ghafla, asidi itarudi kwa kishindo. Punguza dozi polepole kwa usimamizi.

---

Darubini

Naomba niseme kwa niaba ya maabara, maana nusu ya matumbo haya yaliharibiwa na majibu ya vipimo.

Widal. Mtu ana homa, anatolewa damu, anaambiwa "una taifodi", anapewa siprofloksasini au seftriaksoni. Kipimo kimoja cha Widal hakithibitishi taifodi. Kinga inayopimwa inaweza kuwa ya maambukizi ya zamani, ya chanjo, au ya bakteria jamaa, na katika nchi zetu watu wengi wana kiwango fulani siku zote. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu (kukuza bakteria waliomo), ichukuliwe kabla ya kuanza dawa. Anayeambiwa ana taifodi mara nne kwa mwaka aulize majibu ya kuotesha yako wapi.

Kipimo cha pili kinacholeta dozi zisizo na maana ni kile cha damu cha Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo. Kinapima kinga, na kinga inabaki hata bakteria akishaisha. Mtu katibiwa, kapona, kapima tena kwa damu, kaambiwa bado anao, kaanza upya wiki mbili za antibayotiki mbili na omeprazo. Kuhakiki kama ameisha, tumia kipimo cha antijeni kwenye choo au cha pumzi cha urea, angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki na wiki 2 baada ya kuacha omeprazo. Ukipima mapema, jibu linaweza kutoka "hakuna" kumbe yupo.

Na vile vipimo vya kutuma choo nje ya nchi upewe orodha ya bakteria wako: hakuna viwango vilivyokubaliwa vya "kawaida" vya kulinganisha. Hiyo pesa ni kilo nyingi za choroko.

---

Kimea

Mimi ni wa usindikaji wa vyakula. Nataka kumwongezea Mnafu kitu na kumbishia kidogo.

Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha utafiti wa watu wazima 36 kwa wiki 10. Kundi moja lilizidisha nyuzinyuzi, la pili vyakula vilivyochachushwa. Walioongezeka aina za bakteria tumboni ni wa vyakula vilivyochachushwa, na protini 19 za uvimbe kwenye damu zilishuka. Kundi la nyuzinyuzi halikuongezeka aina katika muda ule. Kwa hiyo togwa (uji uliochachushwa) na mtindi visiwe kiambatisho cha mwisho wa orodha.

Togwa ya lita 2, ifanye hivi. Unga wa dona gramu 200, maji lita 2, pika uji dakika 20 kwa moto mdogo. Uache upoe hadi uvuguvugu ambao kidole kinakaa bila kuungua, chini ya nyuzi 40. Tia kimea cha ulezi vijiko 3 vya chakula na togwa ya jana mililita 200, koroga, funika kwa kitambaa safi, acha saa 12 hadi 24. Uji mzito utalegea ndani ya muda mfupi kwa sababu vimeng'enya vya kimea vinakata wanga. Ukitaka ulegee haraka zaidi, kimea kitie uji ukiwa kama nyuzi 55, kisha subiri upoe ndipo utie togwa ya jana. Ila kama huna togwa ya jana, kimea kisiingie kwenye uji wa moto hata kidogo, maana bakteria wa kuchachusha wanatoka humo humo na utawaua.

Kimea: loweka ulezi saa 12, chuja, tandaza kwenye kitambaa kibichi, nyunyizia maji asubuhi na jioni siku 2 hadi 3 hadi mizizi itoke, anika juani ukauke kabisa, pukuchua mizizi, saga. Usitumie mtama kama hujui kuutoa machipukizi yote. Chipukizi la mtama lina kemikali inayotoa sianidi.

Uchachu ufike pH 4 au chini, karatasi za kupimia zinapatikana maduka ya vifaa vya maabara. Kimea kibichi kina vijidudu vya kila namna na ni asidi hiyo inayowazuia, kwa hivyo togwa ya saa 4 ambayo bado ni tamu usimpe mgonjwa wala mtoto. Ikiteleza kama ute, ikiota ukungu wa rangi au ikinuka uozo, mwaga. Ikipita siku moja nje ya friji hamira huanza kutoa pombe.

La kuzingatia kuliko yote ni nafaka yenyewe. Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na kuchachusha au kupika hakuiondoi kwa kiwango cha kutegemea. Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumu hiyo, wengi wa Makueni na Kitui. Tanzania ilipata mlipuko mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara. Chagua punje kwa mkono, zilizokunjamana, zilizobadilika rangi na zilizovunjika zitupe.

---

Mnafu

Kimea, nakubali togwa ipande juu. Lakini tuangalie waliokula nyuzinyuzi tangu utoto. Kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, utafiti wa mwaka 2017 ulionesha baadhi ya bakteria wanatoweka msimu mmoja na kuonekana tena msimu mwingine, kufuatana na mizizi, matunda, asali na nyama inayopatikana. Aliyetoweka kwenye kipimo anaweza kuwa amebaki kidogo sana, anasubiri chakula chake.

Na tuna ushahidi wa hapa hapa. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa Kilimanjaro, wanaume 77 wenye afya wa mjini na vijijini. Wa vijijini walipewa kwa wiki mbili chakula cha kimagharibi, soseji, mkate mweupe, chipsi. Wa mjini wakapewa bamia, ndizi, maharage, ulezi na mboga. Kundi lingine lilikunywa mbege, pombe ya ndizi, wiki moja. Chakula cha kimagharibi kilipandisha viashiria vya uvimbe kwenye damu, cha asili na mbege vikashusha, na baadhi ya mabadiliko yalibaki wiki nne baadaye. Kilichopimwa hapo zaidi ni kinga na umetaboli, lakini mwelekeo unaonekana. (Mbege ina pombe. Aliye kwenye metronidazo aiache, na kwa kila mtu togwa inatosha.)

Jambo jingine ni idadi ya aina za mimea. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa 2018, wengi wa washiriki wakiwa Marekani na Uingereza, ulikuta wanaokula aina zaidi ya 30 za mimea kwa wiki wana bakteria wa aina nyingi kuliko wanaokula 10 au pungufu. Kwetu 30 si mlima: mchicha, matembele, kisamvu, mnafu, mgagani, majani ya maboga, bamia, nyanya chungu, kunde, choroko, mbaazi, njugu mawe, ufuta, ulezi, mtama, tangawizi, kitunguu saumu, ubuyu, ukwaju. Hapo hujagusa matunda.

---

Bamia Mbichi

Na gesi je? Dada zetu wengi wanaacha maharage wiki ya kwanza tu kwa aibu ya gesi.

---

Kunde Tamu

Hapo nipishe mimi, dada Bamia. Gesi ya maharage inatoka kwenye sukari za rafinosi na stakiosi, zinazoyeyuka majini. Loweka saa 12, mwaga maji, suuza, weka maji mapya. Chemsha kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, hasa maharage mekundu. Sumu yake ya lektini haiharibiki kwa moto wa uvuguvugu, na sufuria za umeme za kupika polepole zimewaumiza watu kwa sababu hiyo. Magadi yanaharakisha kuiva lakini yanaharibu vitamini ya B1, tumia kidogo sana au acha. Anayesumbuka zaidi aanze na choroko zilizokobolewa au dengu za kupondwa, vijiko 2 kila siku, asiruke siku. Kula kikombe kizima Jumapili tu hakumzoeshi bakteria yeyote.

Kuna pia wanga sugu. Wali, viazi na ndizi vikipikwa na kupozwa, sehemu ya wanga inajipanga upya na haimeng'enywi tena, inafika utumbo mpana ikiwa nzima. Hata ukipasha moto baadaye, sehemu yake inabaki. Lakini kiporo cha wali kilicholala mezani usiku kucha ni hatari: Bacillus cereus huzaliana na kutoa sumu ambayo moto wa kupasha hauiui. Tandaza wali kwenye sinia upoe haraka, ndani ya saa 1 uingie kwenye friji, uliwe kesho yake. Kama nyumbani hakuna friji, acha viporo, chukua wanga sugu kwenye unga wa ndizi mbichi: kijiko 1 cha chakula juu ya uji uliopoa, ongeza hadi 2 baada ya wiki. Ukiupika, faida hiyo inapungua sana.

Aliyetoka kuharisha akijaa gesi kwa maziwa, aache maziwa yasiyochachushwa wiki 2 hadi 4. Kimeng'enya cha laktosi kinakaa kwenye ncha za ukuta wa utumbo mwembamba, na hizo ndizo zinazochubuka kwanza. Mtindi huvumilika kwa sababu bakteria wameshakula sehemu ya laktosi.

---

Bamia Mbichi

La mwisho, Kimea. Mtindi wa nyumbani kwa wengi unagoma kuganda. Shida iko wapi?

---

Kimea

Maziwa lita 1, chemsha dakika 10 ukikoroga. Usichachushe maziwa mabichi, kuna brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Poza hadi nyuzi 43. Bila kipimajoto, tone kwenye kifundo cha mkono liwe la moto lisilounguza. Chota maziwa kidogo, yeyusha humo vijiko 2 vya chakula vya mtindi hai usio na sukari (hiyo ndiyo mbegu), rudisha yote, mimina kwenye hotipoti, funga, usitikise kwa saa 6 hadi 8.

Yakibaki maji matupu, ama maziwa yalikuwa ya moto mno na mbegu imekufa, ama mbegu haikuwa hai tangu mwanzo: mtindi wa boksi unaokaa dukani bila friji umepashwa moto baada ya kuganda. Yakiganda nusu na kutoa maji mengi, yalitikiswa au yalikuwa baridi. Mbegu ya nyumbani ukiirudia mara tano au sita, nunua mpya.

Kama mbegu ni nzima na joto ni sahihi, lakini maziwa ya mfugaji fulani yanagoma siku kadhaa mfululizo, muulize kama ng'ombe alidungwa sindano ya kiwele. Mabaki ya antibayotiki kwenye maziwa yanazuia bakteria wa mtindi, na kuchemsha hakuyaondoi vya kutosha. Kila dawa ya mifugo ina idadi ya siku za kumwaga maziwa, imeandikwa kwenye chupa. Mwambie akuoneshe chupa, na hadi siku hizo ziishe nunua kwa mwingine.